Tunapigania Uteuzi wa Majaji, Tunamwacha Hakimu wa Mwanzo

Ukikaa kwenye kijiwe cha bodaboda pale Omurushaka, wilayani Karagwe, au ukipita Chonyonyo jioni wakati watu wanaanua kahawa, ukaanzisha mazungumzo ya mahakama, jibu utakalopewa ni moja: "Majaji si wanateuliwa na Rais? Basi yameisha." Anayetaka kupamba ataongeza methali, kesi ya nyani hakimu ngedere. Kwa wasomi maneno yatakuwa marefu zaidi, lakini hoja ni ileile. Watakutajia Ibara ya 109 ya Katiba, inayompa Rais mamlaka ya kuteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Watakutajia Ibara ya 118, inayompa mamlaka ya kumteua Jaji Mkuu. Kisha watakupeleka Marekani, ambako jaji wa Mahakama ya Juu huhojiwa na Seneti mbele ya kamera, na akishaapa hukaa kwenye kiti mpaka afe au aamue mwenyewe kuondoka. Tubadilishe uteuzi, wanasema, na mahakama itakuwa huru.

Siikubali hoja hii. Ina chembe ya ukweli, na nitaigusa mbele, lakini imetupoteza kwa miaka mingi. Imetufanya tukodolee macho Ikulu siku ya kuapishwa majaji, huku mahakama ambayo mkulima wa Chonyonyo ataingia kwa miguu yake, ile ya mwanzo, ikiachwa katika mazingira ambayo hakuna mwanasiasa anayeyasemea jukwaani. Jaji huteuliwa kwa siku moja. Kinachoamua kama yuko huru ni kile kinachotokea baada ya kutoa hukumu asiyoipenda mkubwa: hukumu itatekelezwa au itawekwa kabatini? Sheria itabadilishwa haraka ili aliyeshinda aonekane ameshindwa? Na faili la kazi la aliyeandika hukumu hiyo litapita kwenye mikono ya nani?

Ushahidi wa kwanza hauko mbali. Uko Muleba, mkoa huuhuu wa Kagera. Mwaka 1988 mama mmoja mtu mzima aliuza kibanja alichorithi kwa baba yake kwa wosia. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kudai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubali na kuufuta uuzaji, kwa sababu ndivyo zilivyosema kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963: mwanamke anaweza kurithi na kutumia ardhi ya ukoo kwa maisha yake, ila kuiuza hawezi. Mahakama ya wilaya ikageuza uamuzi huo, rufaa ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya. Hiyo ndiyo kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory, ambayo mpaka leo husomeshwa katika vyuo vya sheria Afrika nzima. Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi, inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kuuza ardhi aliyoirithi.

Sasa hebu tumtazame aliyetoa hukumu hiyo. Aliteuliwa na Rais, kwa utaratibu uleule tunaoulaumu leo. Hapakuwa na usaili wa hadharani. Nchi ilikuwa ya chama kimoja. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hizo serikali ilijipa miaka mitatu ya kujiandaa, hivi kwamba mahakama zilianza kuzitumia Machi 1988 tu. Katika mazingira hayo jaji huyohuyo alitamka pia kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa watuhumiwa wa makosa fulani kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali aliyeteuliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1977, ikakubaliana na Mwalusanya mwaka 1991 katika kesi ya Daudi Pete.

Nyalali huyohuyo ndiye aliyeongoza jopo katika kesi ya Lohay Akonaay mwaka 1994, na hii kila mwenye kibanja kisicho na hati anapaswa kuijua. Miaka ya sabini, wakati wa operesheni vijiji, watu wengi walihamishwa kutoka kwenye ardhi zao. Baadaye baadhi yao wakaanza kudai mahakamani na kushinda. Serikali ikaona njia ya mkato: mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, ikasimamisha kesi zilizokuwa zinaendelea na kuzuia mahakama kusikiliza mpya. Mahakama ya Rufani ikasema hapana. Haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, ikasema, nayo inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba sawasawa na mali nyingine, na serikali haiwezi kuichukua bila fidia stahiki. Wala Bunge haliwezi kuifungia mahakama mlango kwa namna ile. Kibanja cha babu yako hapo Chonyonyo, chenye migomba na kahawa lakini hakina karatasi, kinasimama juu ya hukumu hiyo. Iliandikwa na majaji waliokuwa na barua za uteuzi zenye saini ya Rais.

Nitakwenda mbali zaidi, mpaka kwa mteuaji mbaya kuliko wote waliowahi kupakana nasi. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971 alimtoa Benedicto Kiwanuka gerezani, alikokuwa amewekwa na Rais Obote, akamfanya Jaji Mkuu. Kwa hesabu za vijiweni, Kiwanuka alikuwa mtu wa Amin: alimpa uhuru wake na akampa cheo. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru aachiwe Mwingereza aliyekuwa anashikiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Tarehe 21 mwezi huo watu wenye silaha walimchukua ofisini kwake, Mahakama Kuu Kampala, naye hakurudi tena. Uteuzi haukumfanya awe mtumwa wa aliyemteua. Kilichokosekana Uganda ni mtu au chombo cha kusimama kati ya hukumu na bunduki siku iliyofuata. Miaka sita baadaye, Oktoba 1978, jeshi la serikali hiyohiyo lilivuka mpaka likaingia Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wazee wetu waliokimbia vita ile hawahitaji kufundishwa gharama ya kuwa jirani na nchi ambayo jaji mkuu wake anaweza kubebwa mchana kweupe.

Kwa hiyo hofu ya mteuaji haielezi mambo haya. Yanaelezwa na kitu kingine, nacho ndicho tunachopaswa kukichunguza: kilichofuata.

Chukua suala la mgombea binafsi. Oktoba 1994, Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea bila kupitia chama. Hukumu safi, iliyoandikwa na jaji aliyeteuliwa na Rais, dhidi ya serikali. Ndani ya wiki chache Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba ya kuizima. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena ushindi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaugeuza, ikisema hilo ni jambo la kisiasa la kuamuliwa na Bunge. Akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo mwezi Juni 2013 ikamwambia ana haki. Mtikila alifariki Oktoba 2015 kabla hajaona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Na Novemba 2019 serikali ikatoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, ambayo makao yake yako kwenye ardhi yetu wenyewe.

Mwaka uliofuata, Juni 2020, Bunge lilirekebisha sheria inayoongoza kesi za haki za msingi. Kuanzia hapo aliyetaka kupinga jambo kwa kuwa linavunja haki hizo alilazimika kuonyesha kwa kiapo limemgusa vipi yeye binafsi. Zamani mwalimu, mchungaji au mwanaharakati aliweza kusimama kwa niaba ya wengine wasio na nauli wala wakili. Mwanamke wa Chonyonyo aliyekatazwa urithi akaachiwa atafute mwenyewe ujasiri, wakili na fedha. Hakuna jaji aliyebadilishwa ili mambo haya yatokee, wala utaratibu wa kuteua majaji haukuguswa. Mahakama ilibaki na majaji walewale, ikapunguziwa watu wanaoweza kuifikia.

Na ile kesi ya ndoa za utotoni je? Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 vinavunja Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka ukapita, ukaja mwingine na mwingine, sheria haikurekebishwa. Mahakama ilifanya kazi yake mara mbili. Aliyekaa kimya ni mwingine, na hakuna hata mmoja kati yetu anayebishana vijiweni kuhusu kimya hicho.

Hata ushindi wa yule mama wa Muleba una kovu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka wazi haki sawa ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi, jambo jema. Lakini kanuni za mila za mwaka 1963 hazikufutwa. Wajane wawili kutoka Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kuzipinga, mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuziondoa. Kwa hiyo mpaka leo mwanamke wa Karagwe anayenyang'anywa kibanja anaweza kukuta mtu mwenye kanuni zile mkononi, zikiwa na muhuri wa serikali.

Twende sasa Marekani, maana ndiko tunakoelekezwa. Ni kweli kwamba Katiba yao ya mwaka 1787 inawapa majaji wa shirikisho kiti cha kudumu ilmradi wana mwenendo mwema, na inakataza kupunguza mishahara yao. Lakini mteuaji ni nani? Ni Rais. Seneti hupiga kura tu. Na katika majimbo yao mengi majaji hupigiwa kura na wananchi, wakichangisha fedha za kampeni kama wabunge, jambo ambalo sidhani kuna mtu hapa angependa kulileta Kayanga. Wala idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu haimo kwenye Katiba yao. Walianza sita, wakawa wanaongezwa na kupunguzwa na Bunge la Congress, mpaka mwaka 1869 ndipo wakatulia kwenye tisa.

Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo na mwenye Seneti iliyojaa watu wa chama chake, alikasirishwa na mahakama iliyokuwa inafuta sheria zake za kuinua uchumi. Akapeleka muswada wa kuongeza majaji mpaka sita, ili wapya wawazidi kura wa zamani. Kwa maandishi ya Katiba yao hakukuwa na kizuizi. Waliomzuia walikuwa maseneta wa chama chake mwenyewe. Wengi wao walizipenda sheria zake, lakini Julai mwaka huo waliuzika muswada ule. Hilo ndilo funzo la Marekani ninalolithamini, na sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mijadala yetu: mahakama yao ilinusurika kwa sababu watu waliokuwa na faida ya kuivunja walikataa kuivunja.

Na usidhani mambo yamekaa vilevile. Katiba yao haijabadilishwa neno kwa habari hizi, lakini umbo la serikali yao linabadilika mbele ya macho ya dunia. Tangu mwaka 1935 mahakama yao ilikuwa imeshikilia kwamba Rais hawezi kuwafukuza anavyotaka wakuu wa tume huru zilizoundwa na Congress. Machi 2025 Rais Trump alimfukuza kamishna wa tume inayosimamia biashara na ushindani. Mahakama za chini zikasema arudishwe. Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu abaki nje huku kesi ikiendelea. Juni 2025 mahakama hiyohiyo ilikuwa imekwishawapunguzia majaji wa chini uwezo wa kutoa zuio linaloifunga serikali nchi nzima. Na Machi 2025, Rais alipotaka jaji mmoja aliyetoa amri dhidi ya serikali yake afunguliwe mashtaka bungeni ili aondolewe, Jaji Mkuu John Roberts alilazimika kutoa tamko la kueleza kwamba kutokubaliana na uamuzi hujibiwa kwa rufaa. Usaili wa Seneti ulikuwepo, kiti cha maisha kilikuwepo, na bado ugomvi ni uleule wa kwetu: nini kitampata jaji, na nini kitaipata hukumu, siku ya pili yake.

Tena majaji watatu walioteuliwa na Trump katika muhula wake wa kwanza walikuwepo kwenye benchi Desemba 2020, mahakama ilipoitupa kesi ya jimbo la Texas iliyotaka kubatilisha matokeo ya uchaguzi alioshindwa. Uteuzi haukununua hukumu ile.

Wakenya walifanya hasa kile tunachoambiwa tufanye. Katiba yao ya 2010 ilihamishia kazi ya kuchagua majaji kwenye tume, usaili hurushwa kwenye televisheni, Rais anabaki na saini tu. Mahakama yao ya Juu ikafuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017, jambo la kujivunia Afrika nzima. Lakini tume ilipopendekeza majaji wapya mwaka 2019, Rais Kenyatta alikaa na orodha karibu miaka miwili. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita, akidai ana taarifa za kutilia shaka uadilifu wao. Wawili kati ya walioachwa, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa kwenye jopo ambalo wiki tatu tu kabla lilikuwa limeubomoa mpango wake wa kubadilisha Katiba. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais mwingine kuingia. Kwa hiyo hata pale ambapo uteuzi umesafishwa, mkono wa serikali ulitafuta mlango mwingine ukaupata.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ilileta mambo mazuri, ukiwemo Mfuko wa Mahakama. Lakini sheria hiyohiyo iliunda kamati za maadili za kupokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya mahakimu. Ngazi ya mkoa, mwenyekiti ni mkuu wa mkoa. Ngazi ya wilaya, mwenyekiti ni mkuu wa wilaya. Uamuzi wa mwisho ni wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, hilo nalikubali. Ila anayelipokea lalamiko, anayeongoza uchunguzi na anayependekeza ni mteule wa Rais aliye ofisi chache kutoka kwa hakimu.

Na mkuu wa wilaya huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ana mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48, na baada ya hapo mtu huyo afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Yaani aliyeamuru mtu afungiwe ndiye anayekalia kamati inayomchunguza hakimu atakayeamua kama kulikuwa na sababu ya kumfungia.

Tuliweke jambo hili kwenye kahawa, tunayoijua wote. Butura ni janga. Mwezi wa pili, mahindi yameisha na ada ya mtoto inadaiwa, mkulima anachukua laki mbili kwa mwenye fedha, na kahawa iliyo bado mtini inakuwa ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku, na vita dhidi yake, pamoja na vita dhidi ya magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda, huongozwa na wakuu wa wilaya kwenye mikutano ya hadhara. Ni vita vya haki. Mimi naichukia butura kuliko wengi.

Lakini mpeleke mwenye fedha Mahakama ya Mwanzo. Anafungua madai ya deni. Mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imeandikwa "mkopo", chini kuna dole gumba la mkulima na saini za mashahidi wawili. Mkulima anasema mkopo gani, hii ni butura, nilimwahidi magunia ya maganda na alikuja na pikipiki yake kuyachukua akaona hayatoshi. Hakimu amekaa mezani, karani anaita majina mlangoni, watu wamesimama hadi dirishani. Hapo panahitajika swali moja tu: ushahidi unasema nini? Inawezekana kabisa lilikuwa deni la kweli. Inawezekana mkulima amejifunza kwamba akitamka neno butura deni linakufa. Hakimu lazima awe huru kuamua lolote kati ya mawili hayo. Wiki iliyopita mkuu wa wilaya alitangaza mkutanoni kwamba hataki kuona mla butura hata mmoja analindwa. Akimpa ushindi mwenye karatasi, na mkulima akalalamika, lalamiko litatua kwenye meza ya nani?

Simzungumzii mkuu wa wilaya yeyote kwa jina, na sina sababu ya kudhani kwamba waliopita Karagwe au Kyerwa walikitumia vibaya kiti hicho. Kiti chenyewe kimekaa vibaya. Hakimu mwadilifu akikaa mbele ya mkuu wa wilaya mwadilifu, bado mkulima na mwenye fedha wote wawili wana haki ya kujiuliza, na mahakama inayoacha swali hilo hewani imepoteza nusu ya heshima yake kabla hukumu haijasomwa.

Katika ardhi hali ilipangwa kuwa nzito zaidi. Sheria ya mwaka 2002 iliiondoa migogoro ya ardhi kwa mahakimu wa kawaida, ikaipeleka kwenye mabaraza ya kata na mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya. Wenyeviti wa mabaraza haya ya wilaya, kwa sheria ile, waliteuliwa na Waziri wa Ardhi kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu, na baada ya hapo wateuliwe tena au wasiteuliwe. Fikiria mwenyekiti aliyebakiza miezi minne kwenye kipindi chake, mbele yake kuna shauri la mwanakijiji dhidi ya mwekezaji aliyepewa ardhi na wizara hiyohiyo. Miaka yote hiyo tuliyokuwa tunapigizana kelele kuhusu Jaji Mkuu, migogoro ya mipaka ya vibanja, ile inayogombanisha ndugu na kumaliza ng'ombe wa familia, ilikuwa inaamuliwa hapo.

Nilisema kuna chembe ya ukweli katika kauli ya vijiweni. Ni hii: mteuaji anakuwa hatari pale anapobaki na kitu cha kumpa jaji baadaye. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, lakini Katiba inamruhusu Rais kumwongezea muda akiona ni kwa manufaa ya umma. Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma alitimiza miaka 65 mwaka 2023 na akaongezewa, akaendelea mpaka Juni 2025. Kuna kupandishwa kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani. Kuna uenyekiti wa tume mbalimbali baada ya kustaafu. Simtuhumu yeyote aliyepokea nafasi hizo. Nasema tu kwamba ukitaka kumlinda jaji dhidi ya aliyemteua, funga milango hii ya baadaye kwanza: umri wa kustaafu uwe umri wa kustaafu, kwa kila mtu, bila nyongeza.

Wapo watakaoniambia mahakimu wa mwanzo ndio wala rushwa wakubwa, na kwamba kumwondoa mkuu wa wilaya ni kuwaachia wajilie. Hoja hii naiheshimu. Mtu aliyeambiwa faili lake halionekani mpaka atoe "ya chai" ana uchungu wa haki. Lakini rushwa ni jinai, na TAKUKURU ipo kwa ajili hiyo. Malalamiko ya maadili yanaweza kupokelewa na kamati inayoongozwa na jaji wa kanda, ikiwa na mwalimu mstaafu, kiongozi wa dini na mwakilishi wa mawakili, watu ambao hawaongozi polisi wa wilaya wala hawana kesi mbele ya hakimu wanayemchunguza. Hakimu mla rushwa ataogopa kamati hiyo zaidi, kwa sababu hataweza kujikinga kwa kumfurahisha mtu mmoja mwenye cheo.

Kuna jambo moja la kutia moyo katika haya yote. Katiba mpya tumeisubiri tangu Tume ya Warioba ilipozunguka nchi mwaka 2012, na kila anayeulizwa kuhusu mahakama hutuambia tuisubiri. Kumtoa mkuu wa wilaya kwenye kiti kile hakuhitaji Katiba mpya wala kura ya maoni. Ni kifungu cha sheria ya kawaida, kinachobadilishwa na Bunge kwa wingi wa kura kama zinavyobadilishwa sheria za kodi kila mwaka. Kanuni za mila za mwaka 1963 nazo zinaweza kufutwa bila kugusa Katiba. Mbunge mmoja anaweza kupeleka muswada binafsi. Wa Karagwe anaweza, na wa Kyerwa pia.

Basi mbunge wako akirudi jimboni na kusimama Chonyonyo kuzungumza habari za barabara, maji na bei ya kahawa, msikilize mpaka mwisho. Kisha nyosha mkono umuulize lini atapeleka muswada wa kumtoa mkuu wa wilaya kwenye uenyekiti wa kamati ya maadili ya mahakimu. Akikujibu kwamba tusubiri Katiba mpya, muulize tena.